Sema na Ambia: Njia ya Kufundisha Vitenzi vya Kiingereza "Say", "Tell", "Speak" na "Talk"

Utangulizi

Miongoni mwa vitenzi ambavyo mwanafunzi wa shule ya msingi hukutana navyo mapema katika somo la Kiingereza ni "say" pamoja na wenzake watatu: "tell", "speak" na "talk". Vitenzi hivi ni vyepesi kutamka na vyepesi kuandika. Kwa sababu hiyo walimu wengi huvipita haraka, wakidhani kwamba havina matata. Lakini mwalimu ye yote aliyepata kusahihisha daftari za Darasa la Tano au la Sita anajua kwamba vitenzi hivi vinne huleta makosa mengi, na kwamba makosa yenyewe hurudi tena na tena hata baada ya kusahihishwa.

Nilipokuwa mwalimu mpya nilipata funzo ambalo sijalisahau. Mwanafunzi wangu mmoja wa Darasa la Tano aliandika katika insha yake: "My grandmother said me a story." Nikakata neno "said" kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "told". Siku ya pili mtoto yule yule, akilikumbuka sahihisho langu, akaandika: "She told that the hare was clever." Nikakata tena, nikaandika "said". Mtoto akaja mezani na daftari lake, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, jana ulikata 'said', leo umekata 'told'. Nitajuaje ni lipi?" Nikamjibu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, aendelee kusoma. Hakuuliza tena muhula ule. Insha zake zilizofuata zilikuwa fupi, zenye vitenzi vile tu alivyokuwa na hakika navyo. Makosa yalipungua, nami nikadhani kwamba ameelewa. Kumbe alikuwa ameacha kujaribu.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali la mtoto yule. Hoja yake kuu ni moja: jibu alilolihitaji alikuwa nalo tayari katika Kiswahili chake. Kazi ya mwalimu ilikuwa kumwonyesha tu.

Chanzo cha kosa

Ni dhahiri kwamba kosa la mtoto yule halikutokana na uvivu. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipanda. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimeandika ubaoni orodha kama hii:

Say: sema
Tell: sema, ambia
Speak: sema, nena
Talk: sema, ongea

Mtoto anayenakili orodha ya namna hii hana budi kuamini kwamba maneno haya manne ni kitu kimoja, na kwamba anaweza kuchagua lo lote. Tena orodha haimwambii jambo lo lote juu ya maneno yanayopaswa kufuata baada ya kitenzi. Aliyeandika "said me" alikuwa na maana sahihi kabisa kichwani. Alichokosa ni ujuzi wa jinsi kitenzi kinavyokaa katika sentensi.

Jambo hili liligunduliwa zamani na walimu wa Kiingereza waliofundisha nje ya Uingereza. A. S. Hornby, aliyefundisha Japani kuanzia mwaka 1924, aliona kwamba mwanafunzi mgeni hatosheki na maana ya kitenzi, bali huhitaji kuelezwa pia mpangilio wa maneno yanayokifuata. Kamusi aliyoitunga pamoja na wenzake, iliyochapwa Tokyo mwaka 1942, ilijengwa juu ya wazo hilo, na ndiyo iliyokuja kuwa kamusi mashuhuri ya wanafunzi ya Oxford. Naye S. P. Corder, katika makala yake ya mwaka 1967, alieleza kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni ambazo mwanafunzi huyo amejijengea. Kwa hiyo mwalimu anapoona kosa, yafaa ajiulize kwanza: mtoto huyu amefuata kanuni gani?

Kiswahili kinatufundisha nini?

Tuzitazame sentensi mbili:

Juma alisema kwamba mbuzi amekula mahindi.
Juma aliniambia kwamba mbuzi amekula mahindi.

Sasa tujaribu kubadilishana vitenzi. Tukisema, "Juma aliambia kwamba mbuzi amekula mahindi," sikio linakataa, na msikilizaji atauliza papo hapo: alimwambia nani? Na tukisema, "Juma alinisema kwamba mbuzi amekula mahindi," watoto watacheka, kwa maana kumsema mtu ni kumteta au kumkaripia. Kwa hiyo kitenzi "sema" huelekea kwenye maneno yanayotamkwa, lakini kitenzi "ambia" hudai mtu anayeyapokea maneno hayo. Mtu huyo tumwite mwambiwa.

Sababu yake inaonekana katika umbo la neno lenyewe. "Ambia" limetokana na kitenzi cha zamani "amba", chenye maana ya kusema. Siku hizi "amba" halisikiki sana likiwa peke yake, ila limebaki katika "kwamba" na katika "ambaye", "ambacho" na wenzao. Likitiwa kiambishi cha kauli ya kutendea huwa "ambia", kama vile "pika" linavyokuwa "pikia" na "leta" linavyokuwa "letea". Kila mtoto ajuaye Kiswahili anajua, bila ya kufundishwa sarufi, kwamba "pikia" na "letea" hudai mtu. "Ambia" ni hivyo hivyo.

Sasa tutazame Kiingereza:

Juma said that the goat ate the maize.
Juma told me that the goat ate the maize.

Mwendo ni ule ule. "Say" huelekea kwenye maneno, na "tell" hudai mwambiwa. Sentensi ya mwanafunzi wangu, "My grandmother said me," ni sawa na "Bibi alinisema". Na ile ya pili, "She told that," ni sawa na "Aliambia kwamba". Zote mbili angezikataa mwenyewe katika Kiswahili bila ya kufikiri mara mbili.

Ulinganifu huu unaendelea hata katika kauli ya kutendwa. "Niliambiwa" ni "I was told". Wapo wanafunzi waandikao "I was said". Waulize kama wamekusudia "nilisemwa", nao watajisahihisha wenyewe.

Maana na matumizi ya kila kitenzi

1. "Say". Kitenzi hiki hutaja maneno yenyewe. Hufuatwa na maneno halisi ya msemaji, au na sentensi inayoanza na "that". Mwambiwa akitajwa, hutanguliwa na "to":

She said, "The bus is late."
She said that the bus was late.
What did the nurse say to you?

Hutumika pia kwa maandishi, kama ilivyo katika Kiswahili. "Tangazo linasema" ni "The notice says".

2. "Tell". Kitenzi hiki hupeleka habari au amri kwa mtu. Mwambiwa hukaa mara tu baada ya kitenzi, bila ya "to":

The driver told us that the road was closed.
The teacher told the pupils to sit down.

Sentensi ya pili yahitaji uangalifu. Kiswahili husema, "Mwalimu aliwaambia wanafunzi wakae," kwa kitenzi chenye irabu ya "e" mwishoni. Kiingereza hutumia "to" na kitenzi kisichobadilika. Mwanafunzi asipoonywa ataandika "told them that they sit down".

Katika Kiingereza cha kale "tell" lilikuwa na maana ya kuhesabu pia. Ndiyo sababu karani wa benki anayepokea na kuhesabu fedha huitwa "teller" hata leo.

3. "Speak". Kitenzi hiki hutaja kitendo cha kutoa sauti ya maneno, uwezo wa kusema, au lugha inayotumika. Aghalabu hutumika pale ambapo mmoja anasema na wengine wanasikiliza:

The baby cannot speak yet.
My aunt speaks three languages.
The head teacher spoke to the parents.

4. "Talk". Kitenzi hiki hutaja mazungumzo, hasa ya watu wawili au zaidi. Kinakaribiana sana na "zungumza" na "ongea":

The two friends talked about the football match.
Stop talking!

Mara nyingine "speak to" na "talk to" hubadilishana bila ya kuharibu maana, ila "speak" lina uzito na heshima zaidi. Jambo la kukaziwa ni kwamba "speak" na "talk" havifuatwi na "that". Hatusemi "He talked that" wala "He spoke that". Tena havimchukui mwambiwa bila ya "to" au "with": hatusemi "He talked me" kwa maana ya "Alizungumza nami".

Mahali ambapo Kiswahili hakitufikishi

Itakuwa kosa kumfanya mwanafunzi aamini kwamba lugha hizi mbili zinakwenda sambamba mwanzo hata mwisho. Yapo mahali ambapo njia zinaachana, na mwalimu hana budi kuyataja waziwazi.

Kwanza, Kiswahili husema "kusema kweli" na "kusema uongo". Kiingereza hutumia "tell" katika semi hizi: "tell the truth", "tell a lie". Kadhalika "tell a story" na "tell the time". Hapa "tell" hukubali kukaa bila ya mwambiwa. Semi hizi ni chache. Zifundishwe zikiwa nzima, kama vile methali zinavyofundishwa.

Pili, Kiswahili huruhusu "Anasema Kiingereza". Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno ataandika "He says English". Mfundishe kwamba jina la lugha hufuata "speak".

Tatu, vipo vitenzi vingine vya kusema ambavyo Kiswahili huvipa mwambiwa bila ya taabu, lakini Kiingereza hukataa. Tunasema "nieleze", na mtoto huandika "explain me". Tunasema "alinipendekezea", na mtoto huandika "he suggested me". Vitenzi "explain", "suggest", "describe" na "report" huandamana na "say": mwambiwa hutanguliwa na "to". Kwa upande mwingine, "ask", "show" na "teach" huandamana na "tell": humpokea mwambiwa moja kwa moja.

Nne, "ask" hubeba kazi mbili ambazo Kiswahili kimezitenga. "He asked me a question" ni "Aliniuliza swali". "He asked me for a pen" ni "Aliniomba kalamu". Neno dogo "for" ndilo linalotofautisha kuuliza na kuomba.

Hata hivyo, Kiswahili hakichelewi kutusaidia tena. Wanafunzi wengi huandika "We discussed about the plan". Waulize: tunasema "tulijadili kuhusu mpango" au "tulijadili mpango"? Wengi watachagua la pili. Basi "discuss" ni "jadili", na "talk about" ni "zungumza kuhusu".

Maandalio ya somo

Somo lifuatalo limekusudiwa Darasa la Tano, kwa kipindi cha dakika 40. Linahusu "say" na "tell" tu. "Speak" na "talk" vingoje kipindi kingine, kwa kuwa kufundisha vyote vinne kwa pamoja ndiko kuliko­leta orodha yangu ya ubaoni.

Vifaa: ubao, chaki, na vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa kutoka maboksi ya zamani. Andika neno moja katika kila kipande: "said", "told", "to", "me", "us", "Juma", "that".

Hatua ya kwanza, dakika 5. Andika ubaoni zile sentensi mbili za Kiswahili, "alisema kwamba" na "aliniambia kwamba". Badilisha vitenzi, uwaulize wanafunzi kasoro iko wapi. Waache waeleze kwa maneno yao. Usitaje istilahi ya sarufi.

Hatua ya pili, dakika 15. Mwite Asha na Juma mbele ya darasa. Asha amnong'oneze Juma habari moja fupi uliyomwandikia: "The goat ate the maize." Kisha uliza darasa zima: "What did Asha say?" Juma ajibu kwa sauti: "Asha said that the goat ate the maize." Uliza tena: "Who did Asha tell?" Darasa lijibu: "Asha told Juma." Mwishoni waunge yote: "Asha told Juma that the goat ate the maize." Rudia kwa watoto wengine na habari nyingine. Darasa likiwa kubwa, kila safu ya madawati ifanye mchezo huu yenyewe huku ukipita kusikiliza.

Angalia kwamba habari zinazonong'onezwa ziwe za wakati uliopita na zisiwe na "I" wala "you". Ukitumia "I am hungry", mtoto atalazimika kubadili nafsi na wakati pia: "She said that she was hungry." Hilo ni gumu, kwa kuwa Kiswahili husema "Alisema kwamba ana njaa" bila ya kubadili wakati. Lifundishe siku nyingine. Ugumu mmoja kwa somo moja watosha.

Hatua ya tatu, dakika 8. Waeleze wanafunzi kwamba "tell" ni mwenyeji aliyeweka kiti kimoja karibu naye, na kiti hicho hakikai kitupu: lazima aketi mtu. "Say" hana kiti. Mgeni akitaka kuingia hupitia mlango, na mlango huo ni "to". Wape vipande vya karatasi wasimame kwa mpangilio: "told" na "me" wakiwa bega kwa bega, "said" na "me" wakitenganishwa na aliyeshika "to".

Hatua ya nne, dakika 12. Wanafunzi waandike sentensi sita katika daftari zao, tatu za "said" na tatu za "told", kwa kutumia habari walizozisikia katika mchezo.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina nafasi katika kipindi cha Kiingereza, na kwamba lugha hufundishwa kwa lugha hiyo hiyo. Hofu yao ina msingi, kwa kuwa mwalimu anayetafsiri kila sentensi huwanyima wanafunzi nafasi ya kusikia na kusema Kiingereza. Lakini katika somo hili Kiswahili kimetumika kwa dakika tano tu, si kwa kutafsiri, bali kwa kumwamsha mtoto atambue jambo analolijua. Dakika zinazobaki ni za mazoezi ya Kiingereza. Wanafunzi ambao lugha yao ya nyumbani si Kiswahili nao watanufaika, kwa kuwa lugha nyingi za Kibantu zina kauli ya kutendea, na wanaweza kutafuta mifano yao wenyewe.

Usahihishaji

Unapokutana na "said me" katika daftari, usiandike "told" juu yake. Piga mstari chini ya "me", uweke alama ya mlango pembeni, kama mlivyokubaliana darasani. Unapokutana na "told that", chora kiti kitupu baada ya "told". Mtoto atajua kwamba hapo pana mtu anayekosekana, naye ataamua mwenyewe kama amtie mtu huyo au abadili kitenzi. Sahihisho linalomwachia mtoto kazi ya kufikiri hukaa zaidi kuliko neno aliloandikiwa na mwalimu.

Tena usihesabu makosa peke yake. Tazama pia kama mtoto angali anajaribu sentensi mpya. Daftari lisilo na kosa hata moja laweza kuwa la mtoto mwerevu, na laweza kuwa la mtoto aliyeogopa.

Zoezi

Wanafunzi wajaze nafasi kwa kutumia umbo linalofaa la "say", "tell", "speak" au "talk".

1. Asha ..... that the bus came late.
2. The guard ..... the boys to close the gate.
3. Please ..... me your name.
4. My uncle ..... four languages.
5. What did the doctor ..... to your mother?
6. The two women ..... for an hour about the harvest.
7. Do not ..... lies.
8. We were ..... that the shop was closed.

Majibu: 1. said, 2. told, 3. tell, 4. speaks, 5. say, 6. talked, 7. tell; 8. told.

Kazi ya mwanachuo

Utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kusanya sentensi 20 zenye makosa ya vitenzi hivi kutoka katika daftari za wanafunzi wako. Kwa kila sentensi, andika sentensi ya Kiswahili ambayo unadhani ilikuwa kichwani mwa mtoto. Kisha zigawe mafungu mawili: zile ambazo Kiswahili kingemsaidia mtoto kama angekumbushwa, na zile ambazo Kiswahili ndicho kilichompoteza. Fungu la kwanza lifundishe kwa kulinganisha. La pili lifundishe kwa mazoezi ya semi nzima nzima.

Hitimisho

Tumeona kwamba "say" hutaja maneno, "tell" hudai mwambiwa, "speak" hutaja lugha na uwezo wa kusema, na "talk" hutaja mazungumzo. Tumeona pia kwamba tofauti iliyo kubwa kuliko zote, ile ya "say" na "tell", mtoto wa Kiswahili huja nayo shuleni kutoka nyumbani.

Basi, ndugu mwanachuo, siku moja mtoto atakuja mezani kwako na daftari lake, akuulize atajuaje ni lipi. Usimjibu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo. Muulize: "Kama ungelisema kwa Kiswahili, ungesema 'alisema' au 'aliniambia'?" Kisha mpe muda wa kufikiri.